Athens kwa Neno Langu: Pa Kulala, pa Kula na pa Kunywa

Siku waliyoniaga kazini tulikuwa watu sita chumba kimoja, na wote nawataja. Kantibhai, mwenye ofisi, alikaa karibu na hita na shali yake mabegani. Yeye ndiye aliyeniajiri. Hansa, binti yake, ndiye anayeiendesha ofisi sasa. Njeri wa Nyeri, mpiga chapa wetu, ambaye miaka yote ameandika niliyoyasema mie. Halafu wasichana wawili wapya: Samira, mjukuu wa jirani yangu wa Thornton Heath, na Preeti, ambaye hana undugu na mtu pale ila anazipenda sambusa zangu. Wa sita ni mie, Rukia binti Ali wa Wete. Samira ndiye aliyesema, "Bibi, yaandike basi, sisi tutajuaje?" Alisema kwa Kiingereza, lakini hilo nimelizoea. Nauliza kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiingereza, na chumvi inafika mezani vilevile.

Basi nimeandika. Skuli niliishia darasa la nne, na chuo cha Kurani nilikhitimu. Njeri kanirekebishia herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Ofisi yetu ya safari iko Croydon, juu ya duka la miwani, hatua chache kutoka kituo cha tramu. Lile jengo kubwa la uhamiaji haliko mbali, na watu waliotoka kule na bahasha zao walizipanda ngazi zetu wakidhani sisi ni mawakili. Wakikuta ukutani picha ya bahari ya Ugiriki, wengine walicheka, wengine walikaa wakalia. Wote niliwapa chai. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa hiyo, chai na ufagio na choo.

Kantibhai kazaliwa Unguja, Mji Mkongwe, akatoka bado kijana. Kiswahili chake kimebaki vile vile alivyotoka nacho, kina adabu kuliko chetu. Siku ya kwanza aliniuliza:

"Bi Rukia, kusoma unajua?"

"Msahafu nasoma. Vyengine nasoma nikipewa muda."

"Na kuandika?"

"Jina langu na la baba yangu."

"Basi tutaanza na ufagio," akasema, wala hakusema kwa dharau.

Mchana wa siku ile ile kikaratasi chake kilipotea. Mteja kapiga simu asubuhi, naye kayaandika mambo yake pembeni mwa gazeti, gazeti limekwenda. Anafunua huku, anafunua kule. Nikamwambia, "Ni Bwana Harjit. Mkewe anaitwa Baljit, ana goti la kushoto. Binti yao Simran anaolewa, wanataka safari ya siku tatu kabla ya harusi, chumba kisiwe juu."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulikuwa unayarudia kwenye simu na mie napiga deki."

Toka siku hiyo, mteja akiingia naitwa nikae. Sikuandika kitu. Nilikaa na kikombe changu nikasikiliza, na mtu akirudi baada ya miaka miwili nilimuuliza hali ya goti kwa jina la goti.

Sasa niwaeleze kuhusu karatasi, maana nyinyi mmeikuta tayari mnaiona kama kitu kilichoota chenyewe. Watu wetu, Wahindi wa Afrika Mashariki na sisi Waswahili, walikuwa hawaogopi ndege. Waliogopa kulala kusikojulikana. Watakula nini, watajisafisha vipi, ngazi ngapi. Mkewe Kantibhai alipata kwenda Athens akala mkate mkavu siku tatu kwa kuogopa kila kilichokuwa na mchuzi. Kantibhai akasema tutengeneze karatasi moja ya mji ule, kurasa mbili tu: pa kulala, pa kula, pa kunywa. Kila kilichomo kiwe kimeonwa na mtu wetu kwa macho yake. Akanichagua mie.

"Kwa nini si Hansa?" nikauliza. "Hansa kasoma."

"Aliyesoma ataangalia nyota za mlangoni," akasema. "Wewe utaangalia choo."

Akatupeleka wote wawili, Hansa wa kusoma na mie wa kuangalia. Vifaa vyangu vilikuwa viwili: viatu vya raba na kopo la plastiki la kijani. Hoteli ikinikaribisha, kwanza naingia chooni na kopo. Linaingia chini ya bomba au haliingii? Mabeseni ya Athens mengi ni madogo, bomba limeinama, kopo linabaki nje na mtu mzima anabaki anahangaika. Halafu kule kuna sharti ambalo wageni wengi linawashangaza: karatasi ya chooni haitupwi chooni, mabomba yao membamba, inatupwa ndooni. Mie sikushangaa. Niliona tu kwamba kopo lilikuwa na haki tangu mwanzo.

Pili, lifti. Usiulize kama ipo, uliza inaanzia wapi. Majumba ya zamani lifti inaanza baada ya ngazi sita, na ndani anaingia mtu mmoja na mkoba wake. Tatu, fungua dirisha mchana saa nane usikilize, maana saa hizo wenyeji wanalala, na kama kuna kelele saa nane basi hakuna saa isiyo na kelele. Nne, maneno ya mwenye funguo usiyaamini, muulize anayesafisha. Hoteli yetu bora kuliko zote, ile ya karibu na Monastiraki, niliipata kwa Dorina, Mwalbania, aliyekuwa akitandika vitanda. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma, akabonyeza godoro, akanionyesha dole gumba. Msafishaji kwa msafishaji hatufichani.

Kwenye kula, Athens wana desturi moja iliyonifurahisha. Migahawa yao ya kizamani mteja anaruhusiwa kuingia jikoni achungulie masufuria. Nilipoambiwa hivyo nilimwachia Hansa mkoba. Nilifunua kila kifuniko. Wana maharage meupe makubwa kama dole gumba, wanayapika na tungule. Wana majani ya kuchemsha, ndimu juu, machungu kidogo. Nikawaambia watu wetu mkila mtakumbuka mnavu. Kahawa yao ya kikombe kidogo ina mashapo kama yetu, usiitikise. Na wana majani ya mlimani, makavu na vijiti vyake, wanachemsha kama chai. Nilimuuliza kila muuzaji yanatibu nini na kila mmoja alinitajia maradhi mengine.

Lugha ilinipiga mapema, kwa simu. Niliporudi Croydon nilipewa kazi ya kupigia hoteli kuulizia vyumba. Siku moja kuna wazee wanane, wanane wote wakoromaji, kila mmoja anataka chumba chake. Nikampigia Bi Eleni wa hoteli ya pili kwenye karatasi. "Rooms?" nikamuuliza. Akanijibu, "Ne, ne." Nne na nne. Nikamwambia Njeri, andika vinane. Kufika kule wazee wakakuta vyumba vitano. Kumbe "ne" ya Wagiriki ni ndiyo. Bi Eleni kaniambia ndiyo, ndiyo, na mie nikafanya hesabu. Kantibhai alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Bi Rukia, sasa umeshajifunza Kigiriki." Na mie nikaamini. Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipopata pa kukaa, kwa sababu nilijua neno la ndiyo nikadhani nimejua na ndiyo yenyewe.

Nyuma ya soko la samaki kulikuwa na mgahawa wa Bwana Thanasi, meza tisa, masufuria manne. Safari yetu ya pili tuliingia mie na Hansa. Sufuria la kwanza maharage, la pili mbuzi, la tatu nikafunua nikasimama. Pweza. Mwekundu, mlaini, mchuzi mzito umemng'ang'ania. Mtoto wa Pemba akimwona pweza ugenini, mnamjua. Lakini kazi ni kazi. Nikanyoosha kidole kwenye sufuria, nikaushika mtandio wangu, nikamwambia Bwana Thanasi, "Mie Muslim. Okei?"

Akanyanyua nyusi zote mbili na kidevu juu kidogo. Akatoa na kijisauti mdomoni, ntsu, nikadhani kuna kitu kimemkaa kwenye jino.

Sasa kwetu mtu akikunyanyulia nyusi kakwambia nini? Kakwambia ndiyo. Mtoto unamuuliza umeshiba, ananyanyua nyusi, unaondoa sahani. Nikasema, "Good, good," nikakaa. Alisimama kidogo akinitazama. Kisha akapandisha mabega, akanipakulia. Hansa alikula maharage. Yeye hagusi kitu kilichopata kuwa na macho. Kwa hivyo aliyeonja ni mie peke yangu. Niliporudi nilimwambia Njeri aandike: Pweza wa Bwana Thanasi, kuleni bila wasiwasi.

Watu walikwenda, makundi manne kwa miaka iliyofuata. La kwanza lilikuwa la wanawake saba: Bi Fatma Khatib, Bi Saada wa Mzee Haji, Bi Time, Bi Mgeni, Zuwena na mdogo wake Zulekha, na Bi Khadija wa Mombasa. Niliwasindikiza mwenyewe. Bi Fatma alikuwa katoka Hija miezi miwili tu nyuma, hata sabuni aliuliza imetengenezwa na nini. Siku ya pweza Bi Time aliona kizunguzungu njiani, nikarudi naye hotelini, wenzake wakaendelea. Waliporudi walinihadithia. Bi Fatma hakutosheka na karatasi, akaingia jikoni kuuliza kwa kinywa chake. Bwana Thanasi akamnyanyulia nyusi. Bi Fatma akasema alhamdulillahi, akavua miwani, akala.

Miaka mitatu baadaye Njeri alikwenda nami, kwa sababu sehemu ya pa kunywa ilikuwa imechakaa na mie si wa kuulizwa baa ipi nzuri. Nikampeleka kwa Bwana Thanasi nimwonyeshe fahari yangu. Akachovya mkate kwenye mchuzi, akatafuna, akachovya tena.

"Bi Rukia, hii ni tamu sana. Huyu mzee anamwaga wine ngapi?"

"Anamwaga nini?"

"Wine. Ile nyekundu. Imejaa hapa ndani."

"Tungule hizo, mwanangu."

"Ni nini?"

"Nyanya."

"Mama, nyanya naijua."

"Umejuaje kama ni mvinyo?"

"Wewe hujua aje nazi ikichacha?"

Nikaweka kijiko. Mkaza mwana wa Bwana Thanasi, Katerina, alikuwa anajua Kiingereza. Njeri akamwita, akauliza. Katerina akamgeukia mkwewe, wakasemezana, mzee akawa ananinyooshea mkono.

"Anasema ndiyo, ina mvinyo, haiwi bila mvinyo," Katerina akasema. "Na anasema alikwambia hapana."

"Hakuniambia kitu."

"Anasema ulimuuliza, akakujibu hapana."

"Mwambie anijibu tena vile vile alivyonijibu."

Mzee akanyanyua nyusi, kidevu juu, ntsu.

"Hiyo ndiyo hapana yetu," Katerina akasema.

Niliendelea kumtazama uso yule mzee, hata akili yangu ikawa inajiuliza mambo ya ajabu: je, mtoto wao akishiba anafanyaje? Naye mzee alikaa kiti cha pembeni akifuta mikono kwenye aproni, akasema maneno marefu. Katerina akatafsiri: "Anasema kila mwanamke wenu alimuuliza. Kila mmoja alimjibu hapana. Kila mmoja alifurahi, akakaa, akala. Alidhani dini yenu huko London iko hivyo."

Siwezi kumlaumu. Alisema ukweli kila mara. Alipika sufuria jipya mbele yangu, mafuta na ndimu tu, na ndilo lililomo kwenye karatasi ya sasa. Na kwa kuwa naandika kweli: pweza wa mwanzo alikuwa mtamu zaidi.

Kurudi Croydon nikamweleza Kantibhai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Karatasi tutaibadilisha leo. Lakini wale waliokwisha kula, waache. Dini yako mwenyewe inasema asiyejua hana dhambi. Utawapigia simu watu wazima uwaharibie safari waliyokwisha kuifurahia?"

"Kutojua ni kwao," nikamwambia. "Mie sasa najua."

"Watakuchukia."

"Wanichukie wakijua."

Mie kalamu sina, cheti sina, watu wale walikula kwa neno langu. Neno likishaharibika, mie ni mwanamke wa kopo tu. Kantibhai akasukuma simu upande wangu wa meza.

Waliokula walikuwa thelathini na mmoja, na sikufungua kompyuta kwa jina hata moja. Niliwapigia kwa wiki nzima. Bi Saada alisema, "Ndiyo maana usiku ule sikusikia mguu kuuma." Zuwena alilia, mdogo wake akampokonya simu akaniambia nisijali, dada yake hulia hata kwa matangazo ya sabuni. Bi Khadija aliniuliza mara tatu kama na mbuzi nilimchunguza. Mzee Omar wa Tooting alinihutubia dakika arubaini, kisha akauliza mgahawa uko mtaa gani hasa, nikamwambia kwa nini unauliza, akakata. Bi Mgeni alikwisha fariki. Nilikwenda kwa mwanawe nikamwambia yeye, tukasoma Fatiha.

Bi Fatma sikumpigia. Aliyetoka Hija humwambii jambo lile kwa simu. Nilipanda treni hadi Edmonton. Alinifungulia, akanitazama, akajua nina jambo. Nilimwambia kabla sijavua koti.

Kisha akasema, "Niliuliza mwenyewe."

"Uliuliza."

"Akaninyanyulia nyusi."

"Alikuwa anakukataza."

"Kwa hivyo yule bwana alinikataza haramu na mie nikamshukuru Mungu nikala." Alinyanyuka akaenda jikoni, nikasikia maji yanamwagwa, lakini chai haikuja. Alirudi akasimama mlangoni. "Umewaambia wote?"

"Wote. Thelathini, nawe wa mwisho."

"Na yule aliyekaa ubavuni mwangu?"

"Zulekha? Nimemwambia."

"Zulekha alikaa mbele yangu. Nasema yule wa koti la kahawia."

Nikamwambia hakukuwa na mtu wa koti la kahawia, mlikuwa saba, mie na Bi Time tulirudi hotelini, mezani mlibaki sita. Akasema, "Rukia, mezani tulikuwa saba. Wewe hukuwepo."

Ndipo aliponieleza. Walipokuwa wanasubiri chakula, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita nje alisikia Kiswahili, akasimama, akacheka na mkono mdomoni, akaingia. Alikuwa peke yake, kaja na kampuni nyengine kutoka London hii hii. Kila mmoja mezani alidhani anajuana na mwenzake, kwa hivyo hakuna aliyemuuliza jina. Alikula sahani mbili. Alisema tangu atoke kwao hajala pweza. Kisha akaomba karatasi yetu awapelekee wenzake, na Bi Fatma akampa ya kwake.

"Mwanamke huyo," Bi Fatma akasema, "anawapeleka watu mpaka leo kwa karatasi niliyompa mie. Yako umeyasema, na nimekusikia. Siku utakayomwambia yeye, njoo unywe chai. Kabla ya hapo usije."

Ni miaka minne sasa, na sijanywa chai Edmonton.

Nimeuliza kila niliyemjua. Nimewauliza wale wanne waliobaki mmoja mmoja, na kila mmoja kanipa kipande. Alikuwa mnene kiasi, wa umri wetu au mdogo kidogo. Kifungo kimoja cha koti hakikufanana na vyengine. Zulekha anasema alizungumzia dobi ya hospitali, kama anafanya kazi huko. Bi Saada anasema alimtaja mtoto, Yasir. Bi Khadija aliapa huyo si wa Mombasa, angemjua kwa matamshi. Na Zuwena anakumbuka alisema nyanya, hakusema tungule, basi si wa visiwani. Mie namweka mrima, Tanga au Pangani, ingawa hilo ni la kukisia. Kila nikipanda basi na kuona koti la kahawia namtazama mwenyewe vifungo. Mpaka nimeanza kujua watu wa London wanavyoshona vifungo vyao, na wengi hawashoni.

Nyinyi vijana wa ofisini, na yeyote atakayesoma haya, huenda nimechanganya. Huenda Baljit goti lake lilikuwa la kulia. Huenda hoteli ya Dorina na ya Bi Eleni mtanitajia tafauti mkifika, na lifti ikawa na ngazi saba badala ya sita. Nisahihisheni, sitakasirika, niandikieni pembeni. Lakini lile kubwa mnisahihishe kwa haraka. Kama mama yenu au shangazi yenu alipata kula pweza Athens na wanawake asiowajua, ana mtoto Yasir, na bado ana karatasi iliyoandikwa kuleni bila wasiwasi, mwambieni aichane, na mniambie anaitwa nani. Jina tu linanitosha. Nikishalipata silisahau, na njia ya kufika kwake nitaiuliza mwenyewe.